Bata Mzinga na Nchi Asizozaliwa

Mwingereza akimtaja bata mzinga husema "turkey", neno lile lile alilolitumia kwa karne nyingi kuitaja Uturuki. Mturuki naye humwita ndege huyo "hindi", yaani wa India. Huko India kwenyewe wasemaji wa Kihindi wanalo neno "piru" walilolipokea kwa Wareno, na Mreno husema "peru", kama nchi ya Amerika Kusini. Mholanzi ana "kalkoen", jina lililotokana na mji wa Calicut katika pwani ya Malabar. Mmisri husema "dik rumi", jogoo wa Rumi. Mpalestina humwita "habash", na hapo ndege anahamishiwa Uhabeshi. Mmalei humwita "ayam belanda", kuku wa Uholanzi, na Wakambodia nao wana jina lenye maana ya kuku wa Ufaransa.

Nchi zote hizo zimetajwa na hata moja si Mexico. Lakini Mexico ndiko alikofugwa kwa mara ya kwanza ndege huyu wa mezani, na hakuna mji wa Ulaya, Asia wala Afrika uliomwona kabla Wahispania hawajavuka Bahari ya Atlantiki.

Mhadhara huu unachukua jina moja, lile la Kiingereza, na kulifuatilia hadi lilikotoka. Safari hiyo inapita kwa ndege mwingine kabisa, ndege wa Afrika ambaye kila mtu wa pwani na bara anamfahamu: kanga. Bila kanga jina la "turkey" halieleweki. Na jambo linalojitokeza njia nzima ni kwamba watu hawakumpa ndege jina la nchi alikozaliwa, bali walimpa jina la mfanyabiashara aliyebisha hodi naye. Waliomfuga kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano hawakutajwa, na hilo ni deni ambalo historia ya maneno inapaswa kulisema waziwazi.

Tuanze basi na wenyewe. Katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado inasemwa na watu zaidi ya milioni moja nchini Mexico, dume huitwa huexolotl na jike huitwa totolin. Huko El Mirador, mji wa kale wa Wamaya ulioko kaskazini mwa Guatemala, wanaakiolojia walikuta mifupa ya bata mzinga wa Mexico katika tabaka la kati ya mwaka 300 kabla ya Kristo na mwaka 100 baada ya Kristo. Mahali hapo aina hiyo haikuwahi kuishi porini. Aliyepo katika misitu ya huko ni ndugu yake, bata mzinga wa Yucatán, mwenye madoa ya rangi mkiani yanayofanana na macho. Kwa hiyo wale wa El Mirador waliletwa na watu, kwa biashara, na inaelekea walifugwa hapo hapo.

Waazteki walimla, walimtoa kafara, na walitumia manyoya yake. Mmoja wa miungu yao wakubwa, Tezcatlipoca, aliweza kujidhihirisha katika umbo la Chalchiuhtotolin, na jina hilo maana yake ni bata mzinga wa thamani kama kito. Katika miaka ya 1570 mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún, akisaidiwa na wasomi wenyeji walioandika kwa Kinahuatl, alikusanya maelezo ya maisha ya Waazteki katika kazi inayojulikana leo kama Kodeksi ya Firenze, na ndani yake yumo hata mwuzaji wa bata mzinga sokoni. Kaskazini zaidi, katika nchi kavu ambayo leo ni Arizona na New Mexico, mababu wa watu wa Pueblo walifuga aina yao wenyewe. Hao walisokota manyoya laini kuzunguka kamba za katani ya yuka wakafuma mablanketi ya kujikinga na baridi ya milimani. Kwa muda mrefu ndege alikuwa na thamani kwao kwa manyoya zaidi ya nyama.

Wahispania walipofika na kumwona walikosa neno. Wengine walisema ni kuku, wengine wakasema ni tausi, kwa sababu dume hutandaza mkia wake. Mexico yenyewe jina la wenyeji lilishinda: huexolotl lilitamkwa na Wahispania wa huko likawa "guajolote", na ndilo linalosikika sokoni mpaka leo. Hispania walichagua tausi, "pavo". Matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mgeni alipokwisha kulitwaa jina la tausi, tausi mwenyewe ilibidi aongezewe cheo ili watu wamtofautishe, na hadi leo kwa Kihispania anaitwa "pavo real", tausi wa kifalme. Mara nyingi katika historia ya majina mgeni huchukua jina la mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayelazimika kutafuta jingine.

Hicho ndicho kilichompata kanga huko Uingereza.

Kanga hahitaji kutambulishwa kwa msemaji wa Kiswahili. Ni ndege wa kijivu cha kuelekea weusi, mwenye madoadoa meupe mwili mzima, kichwa kitupu chenye rangi ya buluu na nyekundu na kidude kigumu kama pembe utosini. Hutembea kwa makundi, hukimbia kuliko kuruka, na kelele zake husikika mbali. Asili yake ni Afrika na kwingine hakuna. Ila Ulaya ilimjua mapema sana. Wagiriki walimwita "meleagris" na walikuwa na kisa chake. Shujaa Meleager alipokufa, dada zake walimlilia bila kukoma hadi mungu wa kike Artemis akawageuza ndege, na madoa meupe ya manyoya yao ni machozi yale. Warumi walimwita kuku wa Afrika au kuku wa Numidia, kwa kuwa walimpata kutoka pwani ya kaskazini, katika Algeria na Tunisia ya leo. Mwandishi Mrumi Varro, aliyeandika kitabu chake cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, anasema kuku hao walikuwa adimu na bei yake ilikuwa kubwa.

Methali ya Kiswahili inasema kanga hazai ugenini. Warumi walimfanya azae, lakini dola yao ilipoanguka ufugaji wake nao ulififia, na katika sehemu kubwa ya Ulaya ya Zama za Kati kanga alibaki kuwa ndege wa vitabuni. Alirudi kupitia milango miwili. Mmoja ulikuwa wa mashariki: Misri na nchi za Sham, ambako ndege wa Sudan na Uhabeshi walifika kwa njia ya Mto Nile na Bahari ya Shamu. Mwingine ulikuwa wa magharibi: Wareno, ambao tangu miaka ya 1440 walikuwa wakishuka pwani ya Afrika Magharibi na kurudi na bidhaa za nchi waliyoiita Guinea. Wareno walimwona na madoa yake wakamwita "pintada", aliyepakwa rangi, na Wafaransa wakalifanya "pintade". Huko Brazil, waliko wazao wengi wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Angola, anaitwa hadi leo kuku wa Angola.

Waingereza walimpokea kupitia njia zote mbili, na kwa hiyo alipata majina mawili: kuku wa Guinea, na jogoo wa Uturuki. Jina hili la pili linahitaji maelezo. Mwaka 1517 Sultani Selim wa Kwanza wa dola ya Osmani, yaani ya Waturuki, aliiteka Misri kutoka kwa Wamamluki, na kuanzia hapo Alexandria, Beirut na Istanbul zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Kwa mfanyabiashara wa London, chochote kilichotoka upande ule wa bahari, kiwe cha Misri, cha Uajemi au cha Uhabeshi, kilikuwa cha Kituruki. Zulia la Uajemi au la Anatolia lilikuwa zulia la Kituruki. Baadaye, mwaka 1581, wafanyabiashara wa London walipopata hati ya Malkia Elizabeth ya kufanya biashara na dola ya Osmani, kampuni yao iliitwa Kampuni ya Uturuki. Neno hilo lilikuwa na upana ambao ramani haikuwa nao.

Sasa katika miaka ya 1520 na 1530, ndege wa Mexico aliingia Uingereza kupitia Hispania. Ni mkubwa kuliko kuku wote, kichwa kitupu, rangi yake nyeusi yenye kumetameta, ametoka mbali. Ndege wawili wageni waliingia katika soko moja ndani ya miongo michache, nao wanunuzi na waandishi wengi hawakuwatenganisha. Kilichosaidia mkanganyiko ni kwamba hata wasomi walikosea. Mfaransa Pierre Belon, mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa karne ya 16, alichapisha kitabu chake mwaka 1555 na humo alimchukua bata mzinga wa Amerika kuwa ndiye meleagris wa Wagiriki, yaani kanga. Ikiwa mtu aliyewachunguza ndege kwa mkono wake aliteleza hivyo, mwuzaji wa sokoni asingeweza kulaumiwa.

Majina mawili, ndege wawili. Taratibu yaligawanywa: mgeni wa Amerika akabaki na Uturuki, mgeni wa Afrika akabaki na Guinea. Hivyo neno ambalo Mwingereza wa leo hulitumia kwa ndege wa Krismasi lilikuwa kwanza jina la kanga.

Wapo wanaoeleza kwa njia nyingine, kwamba bata mzinga wenyewe waliletwa Uingereza na merikebu za Waingereza waliofanya biashara na Uturuki, zilizokuwa zikipitia bandari za Hispania wakati wa kurudi kutoka mashariki. Maelezo haya si ya kupuuzwa, wala hayapingani sana na yale ya kwanza. Lakini ushahidi wa kanga una uzito zaidi, kwa sababu kosa la kuwachanganya ndege hawa wawili limeandikwa waziwazi katika vitabu vya wakati ule, tena katika lugha zaidi ya moja. Visivyo na uzito kabisa ni visa viwili vinavyopendwa: kwamba ndege anajitaja mwenyewe anapolia, na kwamba Luis de Torres, mkalimani wa Columbus aliyejua Kiebrania, alimwita kwa neno la Biblia lenye maana ya tausi. Hakuna maandishi ya wakati ule yanayounga mkono lolote kati ya hayo, na kisa cha mkalimani kinasahau kwamba jina la "turkey" lilizaliwa Uingereza, si katika merikebu ya Wahispania.

Nyaraka za Kiingereza zinaanza kumtaja mapema. Mwaka 1541 Askofu Mkuu Thomas Cranmer aliweka kanuni za kuzuia makasisi wasijaze meza zao kupita kiasi, na katika orodha ya ndege wakubwa ambao mtu aliruhusiwa kuweka mmoja tu katika sahani, pamoja na korongo na bata maji, yumo jogoo wa Uturuki. Mwaka 1550 William Strickland wa Yorkshire, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaleta ndege hawa Uingereza, alipewa nembo ya ukoo yenye bata mzinga dume juu yake, mkia umetandazwa. Mchoro wa nembo hiyo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za ndege huyo katika Ulaya. Katika kanisa la Boynton, kijiji cha ukoo wa Strickland, Biblia huwekwa juu ya meza ya kusomea iliyochongwa kwa umbo la bata mzinga badala ya tai aliyezoeleka katika makanisa ya Kianglikana.

Ardhi nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1983 mifupa ya bata mzinga ilifukuliwa katika mtaa wa Paul Street mjini Exeter, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 na wataalamu wa chuo kikuu cha mji huo ulionyesha kwamba ndege hao waliliwa kati ya miaka ya 1520 na 1550, pamoja na vyombo na vyakula vya watu wenye fedha. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1573 mshairi na mkulima Thomas Tusser alimweka bata mzinga miongoni mwa vyakula vya Krismasi vya mkulima wa kawaida. Shakespeare alimweka jukwaani bila kujali kalenda: katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake kuhusu Mfalme Henry wa Nne, mchukuzi mmoja analalamika kwamba bata mzinga katika tenga lake wana njaa. Vita vinavyohitimisha tamthilia hiyo vilipiganwa Shrewsbury mwaka 1403, karibu miaka tisini kabla ya safari ya Columbus. Kwa watazamaji wa miaka ya 1590 ndege alikuwa amekwisha kuwa wa nyumbani, na hakuna aliyeshtuka.

Katika karne ya 18 alikuwa mali ya Norfolk na Suffolk. Daniel Defoe, aliyezunguka Uingereza na kuandika alichokiona katika miaka ya 1720, anaeleza jinsi ndege hao walivyotembezwa kwa miguu hadi London baada ya mavuno, wakila masazo ya nafaka njiani. Yalihesabiwa makundi mia tatu yaliyopita katika daraja moja la Mto Stour kwa msimu mmoja, kila kundi likiwa na ndege kati ya 300 na 1,000, na yeye akakadiria jumla ya ndege 150,000. Wafugaji hao wa Norfolk hawakuwa na uhusiano wowote na Istanbul, sembuse Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki.

Jina lilipofika Amerika ya Kaskazini lilifanya jambo la kusikitisha zaidi. Waingereza waliohamia Plymouth mwaka 1620 waliwakuta bata mzinga wa porini wakiwa wengi misituni, na gavana wao William Bradford aliandika juu ya wingi huo. Walikuwa wamefika katika bara alikotoka ndege, mbele ya watu waliomwinda tangu enzi. Hao walikuwa na jina lao: Roger Williams, aliyejifunza lugha ya Wanarragansett na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1643, anaandika kwamba waliwaita "neyhommauog". Hata hivyo wageni hawakuuliza, kwa kuwa walikuja na jina kamili kutoka nyumbani, jina la dola ya Waislamu wa upande wa pili wa dunia, na hilo ndilo lililobaki. Abraham Lincoln alipotangaza mwaka 1863 siku ya kitaifa ya kutoa shukrani, ndege ambaye taifa zima lingemla siku hiyo alikuwa tayari ni "turkey" bila mpinzani.

Mataifa mengine nayo yalifuata njia zao, na kila jina lina habari ya kuisoma.

Jamii kubwa kuliko zote ni ile ya India. Kifaransa kilisema "poule d'Inde", kuku wa India, kisha maneno yakashikamana yakawa "dinde". Kipolandi kina "indyk", Kirusi "indeika", Kigeorgia "indauri", Kiebrania humwita kuku wa Hodu, na Hodu ndiyo India. Chanzo ni kosa la Columbus. Yeye aliamini amefika India, na kwa miaka mingi Wahispania waliziita nchi za Amerika Indias. Msikilizaji wa Paris au Warsaw hakuwa na njia ya kujua ni India ipi. Istanbul nako neno lilipokelewa vivyo hivyo, na ndiyo sababu ndege wa "Uturuki" akawa ndege wa "India" ndani ya Uturuki.

Waholanzi na Wajerumani walikwenda hatua moja zaidi na kutaja mji. Calicut, ambao leo unaitwa Kozhikode, ulikuwa maarufu Ulaya tangu Vasco da Gama alipofika huko Mei 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Chochote cha ajabu kutoka India kilidhaniwa kimetoka Calicut. Waholanzi wakasema jogoo wa Calicut, na neno likasafiri na merikebu zao: Wadeni wana "kalkun", Wafini "kalkkuna", Waindonesia "kalkun". Huko kusini mwa Afrika Makaburu walikuja na "kalkoen", na Wazulu wakaipokea wakasema "ikalikuni". Hivyo Mzulu anayefuga bata mzinga leo anataja, bila kukusudia, mji wa Kerala ambako ndege huyo hakutoka.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba India haikuwa nyumbani kwake uko India kwenyewe. Mwaka 1612 Muqarrab Khan, afisa wa Mfalme Jahangir, alirudi kutoka Goa, mji wa Wareno, akiwa na wanyama na ndege wa ajabu aliowanunua kwa ajili ya bwana wake. Miongoni mwao alikuwamo bata mzinga. Jahangir, mtu aliyependa sana viumbe na kuwaeleza kwa uangalifu, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi kichwa na shingo za ndege huyo zilivyobadilika rangi kila mara, na jinsi kile kipande cha nyama juu ya mdomo kilivyorefuka na kunywea. Kisha aliamuru ndege hao wachorwe. Picha ya bata mzinga iliyochorwa na mchoraji wake Ustad Mansur inahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert mjini London, na ni picha sahihi kiasi kwamba mfugaji wa leo angemtambua ndege mara moja. Mfalme wa India alimwona ndege "wa India" kwa mshangao wa mtu aliyeona kitu kipya kabisa, na watu wake walichukua jina la Wareno waliomleta.

Waarabu walifuata upande mwingine. Kwao Rumi ni neno la kale, lile lile la sura ya Qur'ani, lenye maana ya nchi za Wabizanti na baadaye Anatolia na Ulaya. Jogoo wa Rumi basi ni jogoo aliyekuja kutoka ng'ambo ya bahari ya kaskazini. Jina la Uhabeshi linalotumika Palestina na Sham linafanana sana na kisa cha Uingereza, kwani Uhabeshi ni nchi ya kanga. Mashariki ya mbali ndiko watu walikoacha ramani na kumtazama ndege mwenyewe. Wajapani wanamwita ndege wa nyuso saba, kwa ajili ya ile ngozi ya kichwa inayobadilika kutoka nyekundu kwenda buluu na nyeupe. Wachina wanamwita kuku wa moto. Kwa kipimo cha ukweli hayo ndiyo majina bora, kwa kuwa hayamsingizii mtu yeyote.

Kiswahili nacho hakikutaja nchi. Kilimweka katika ukoo wa bata, ambao si wake, kikampa mzinga, neno linalobeba silaha inayonguruma na chombo cha nyuki kwa pamoja. Lakini asije mtu akadhani Waswahili waliepuka kabisa mtego wa majina ya nchi. Nafaka iliyotoka Mexico kama bata mzinga, ile ambayo ugali mwingi wa Afrika Mashariki hupikwa kwa unga wake, tunaiita mahindi, na jina hilo linaelekeza India. Waingereza wa karne ya 16 waliiita nafaka ya Kituruki. Mtaalamu wa mimea John Gerard aliiandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1597. Waitalia bado wanasema "granoturco", ngano ya Kituruki. Waturuki wanasema "mısır", yaani Misri. Mahindi na bata mzinga walifugwa na kulimwa na watu wale wale, walivuka bahari katika zama zile zile, na walipotezewa kwao kwa namna ile ile. Mkulima wa Mbeya anayesema mahindi na Mturuki anayesema hindi wametumia jina moja kwa vitu viwili vya Mexico.

Kwa Uturuki jambo hili halikubaki la wanaisimu peke yao. Desemba 2021 Rais Recep Tayyip Erdoğan alitoa waraka kwamba nchi itajulikana kwa jina la Türkiye katika lugha zote, na Juni 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali ombi hilo. Sababu rasmi zilihusu utamaduni na heshima ya taifa, lakini chombo cha habari cha serikali, TRT World, kilieleza bila kuficha kwamba mtu akitafuta jina la nchi kwa Kiingereza kwenye intaneti huletewa pia picha za ndege wa Krismasi, pamoja na maana ya mtaani ya kitu kilichoshindwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Jina la nchi lilivalishwa ndege ambaye nchi hiyo haikumzaa wala kumfuga kwanza, kwa sababu tu wafanyabiashara wa London wa miaka mia tano iliyopita hawakutofautisha Istanbul na Alexandria. Kiswahili, kinachosema Uturuki na bata mzinga, hakikuhitaji kubadili chochote.

Imebaki sayansi, ambayo mtu angetarajia isafishe mkanganyiko huu. Mwaka 1758 Msweden Carl Linnaeus alichapisha toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe, na ndilo ambalo majina yote ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo. Bata mzinga alimpa jina Meleagris gallopavo. Sehemu ya pili ya jina hilo imeunganisha maneno ya Kilatini ya kuku na tausi, ndege wawili ambao Wahispania walimfananisha nao walipomwona mara ya kwanza. Sehemu ya kwanza ni jina la Kigiriki la kanga, la wale dada waliolia. Kanga mwenyewe, aliyekuwa na haki nalo, leo anaitwa Numida meleagris: Numidia ya Warumi ikifuatwa na jina lake la zamani lililosukumwa nyuma. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina hulinda jina lililotangulia hata kama limetokana na kosa, hivyo majina hayo hayabadilishwi. Kanga wanaochakura vumbi Tsavo na Serengeti wameandikwa vitabuni kama ndege wa Numidia, nchi iliyo upande wa pili wa Sahara, na jina lao la Kigiriki limewekwa mbele ya ndege wa Mexico.